Wasomaji Wauliza: Grupu la Damu, Chuku, Karafuu na Chai ya Baada ya Chakula

Barua zilizotufikia mwezi huu kutoka Unguja na Pemba nyingi zinauliza mambo ya damu: nani wa grupu gani, nani anaweza kutoa, kwa nini fulani karudishwa mlangoni. Barua tumezifupisha, maswali tumeyaacha yalivyo.

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni grupu A, mume wangu B. Mtoto wetu wa tatu kalazwa, kapimwa, tukaambiwa ni O. Tangu siku hiyo mama mkwe kanuna, na mume naye maneno yamempungua. Kweli A na B wanaweza kuzaa O?
Mama wa watatu, Wete

JIBU: Waaleikum salaam, bibie. Wanaweza, na wala si ajabu. Kila mtu hurithi vitu viwili vinavyoamua grupu lake, kimoja kwa mama, kimoja kwa baba. A na B hujionesha. O hujificha nyuma ya mwenzake. Anayesomeka A kwenye kadi huenda ndani yake ana A na O, na anayesomeka B huenda ana B na O. Wawili hao wakioana, kila mimba inaweza kutoka A, B, AB au O, kila moja kwa nafasi moja kati ya nne. Wapo ndugu wanne, baba mmoja mama mmoja, wenye magrupu manne. O ya mwanao nusu imetoka kwako na nusu kwa baba yake, kwa hiyo mama mkwe ajue kwamba katika ukoo wake nako O imo.

Lisilotarajiwa ni wazazi wote wawili kuwa O kisha wakapata mtoto A au B, au mmoja wao kuwa AB kisha mtoto akatoka O. Hata hapo msikimbilie talaka. Cha kushukiwa mwanzo ni kipimo: kichupa kilichoandikwa jina la mtu mwengine, grupu la kusikia tangu enzi za skuli, kadi iliyofifia wino. Rudieni kupimwa wote watatu, siku moja, maabara moja. Zipo pia aina adimu za urithi zinazovunja kanuni hii, chache mno, lakini zipo.

Mtoto mchanga ana jambo lake. Maabara hupima grupu kwa njia mbili: kwa kuangalia chembe nyekundu zenyewe, kisha kwa kuangalia kingamwili (askari wa mwili wa kupinga kitu kigeni) zilizomo kwenye plazma, yaani maji ya damu, majibu yakubaliane. Mtoto wa chini ya miezi minne bado hajatengeneza kingamwili zake, hivyo hupimwa kwa njia ya kwanza peke yake. Akishakua ni vyema apimwe upya.

Kanuni ya kujificha iko vile vile kwenye pozitivu na negativu: wazazi wawili pozitivu wanaweza kuzaa negativu. Na grupu la damu halimthibitishi baba yeyote. Kazi hiyo ni ya vinasaba.

SWALI: Nina mimba ya wiki 20, ya kwanza. Kliniki wameniambia ni O negativu na kwamba nitahitaji sindano. Mama yangu anasema wao walizaa bila sindano. Ni lazima?
Dada wa Mkoani

JIBU: Kama baba wa mtoto naye ni negativu, na mna hakika ya vipimo vyote viwili, sindano haina kazi. Kama ni pozitivu, au hajapimwa, usiicheze.

Alama ya pozitivu au negativu inahusu kitu kiitwacho Rh kilichoko juu ya chembe nyekundu. Wewe huna, mtoto anaweza kuwa nacho kwa baba yake. Wakati wa kujifungua, damu kidogo ya mtoto huingia kwako, mwili wako unaiona ngeni na kuanza kutengeneza kingamwili za kuipiga vita. Mtoto wa kwanza kwa kawaida anakuwa keshatoka, salama. Anayeumia ni anayefuata: kingamwili hupita kwenye kondo la nyuma na kuvunja chembe zake. Huzaliwa na upungufu wa damu, na manjano kali, na wengine hufia tumboni. Wazee waliokuwa wakisimulia kuwa fulani "mtoto wake wa kwanza tu ndiye aliyesimama" baadhi yao walikuwa wakisimulia habari hii bila kuijua.

Sindano inaitwa anti-D. Hutolewa karibu na wiki ya 28, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua ikiwa mtoto kapimwa akaonekana pozitivu. Dozi inayotumika sana ni maikrogramu 300, ingawa daktari ndiye anayeamua. Mimba ikiharibika, ikitunga nje ya kizazi, ukitokwa na damu au ukianguka ukapiga tumbo, saa 72 hizo huhesabiwa upya tangu siku hiyo. Akina mama wengi wanalijua la kuzaa, hili la mimba kuharibika hawalijui.

Anti-D huzuia kingamwili kuzaliwa, zikishazaliwa haiziondoi. Ndiyo maana mapema ombeni kipimo cha Coombs, kinachoonesha kama tayari unazo. Mara nyingi mambo huharibika kwa sababu ndogo: mama kajifungulia nyumbani, mtoto hakupimwa grupu, ijumaa ikaingia, dawa haipo kwenye kabati, saa zikapita. Sasa hivi, wiki ya 20, muulize mkunga dawa inapatikana hospitali gani, gharama yake ikoje, na mtoto atapimiwa wapi. Majibu yaandikwe kwenye kadi yako kwa kalamu inayosomeka. Usiinunue mapema ukaiweka kabatini: inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na Julai au Januari kabati la nyumbani haliko hivyo.

Jambo la mwisho, waambie ndugu zako wa tumbo moja nao wapimwe. Negativu kwetu Afrika Mashariki hawafiki kumi katika mia, lakini hufuatana katika ukoo. Siku ukihitaji chupa ya damu, ndugu hao ndio watakaotafutwa mwanzo.

SWALI: Mimi ni O, na kila mtu ananiambia damu ya O inamfaa yeyote. Ami yangu, grupu A, kapangiwa upasuaji. Nilikwenda kumtolea. Wameichukua damu yangu lakini yeye kawekewa ya mtu mwengine. Yangu imekwenda wapi?
Kijana wa Jang'ombe

JIBU: Imekwenda kwa mtu mwengine, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Damu mbichi ya siku hiyo haitiwi mgonjwa. Lazima ipimwe virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende, ithibitishwe grupu, na aghlabu itenganishwe. Ami yako kapewa iliyokwisha kuandaliwa. Yako inajaza nafasi yake kwenye friji. Anayesubiri mgonjwa azidiwe ndipo akusanye vijana wa mtaa huwa anachelewa kwa saa nyingi, hata wakifika ishirini.

Kuhusu O kumfaa kila mtu, ni nusu ya kweli. Magrupu haya yalitambuliwa na Karl Landsteiner huko Vienna mwaka 1901. Ndiyo maana siku ya wachangia damu duniani ni Juni 14, siku aliyozaliwa. Chembe nyekundu za O hazina A wala B, kwa hiyo mwili wa mpokeaji hauna cha kuzikataa. Lakini plazma ya O imejaa kingamwili za kupinga A na B pia. Chembe zikitenganishwa na plazma, O negativu huokoa mtu wa dharura asiyejulikana grupu. Upande wa plazma mambo hugeuka: AB, ambaye kwa chembe hupokea kwa wote, ndiye anayeweza kuwapa wote plazma yake. Na wewe ukiwa O pozitivu, kwa kawaida aliye negativu hapewi chembe zako.

Kabla ya chupa kutoka benki, maabara hulinganisha: chembe za mchangiaji huchanganywa na maji ya damu ya mgonjwa, waone kama zinagandana. Hapo grupu sawa bado linaweza kukataliwa, kwa mfano mgonjwa aliyekwisha kuwekewa damu mara nyingi.

Msaidieni ami kwa hili. Ajali kubwa za kuwekewa damu isiyo yake mgonjwa hazitokani sana na maabara kukosea grupu. Zinatokana na jina. Wodini kwetu watu wawili wenye jina moja na la baba moja ni jambo la kila wiki. Kichupa cha damu ya kulinganisha kiandikwe jina lote, namba ya faili na tarehe pale pale kitandani, si kwenye meza ya muuguzi baada ya kuchukua vichupa vitano. Chupa ikiletwa, jina na namba visomwe kwa sauti, ami mwenyewe ataje jina lake. Dakika 15 za mwanzo muuguzi asiondoke, na wewe ukikaa naye angalia: kutetemeka, homa, maumivu ya kiuno au kifua, kuungua kwenye mshipa, mkojo kuwa mweusi kama kahawa. Ukiona moja, mpira ufungwe hapo hapo, kisha ndipo maswali. Chupa moja iishe ndani ya saa nne. Baada ya hapo joto la wodi linaanza kukuza vijidudu. Kwa mtu mzima chupa moja hupandisha HB (kipimo cha wingi wa damu) kwa kiasi cha gramu moja, kwa hiyo msitarajie chupa moja imnyanyue mtu mwenye 5.

SWALI: Nataka kutoa kwa mara ya kwanza. Nina kilo 52, miaka 23. Naogopa sindano na naogopa kuzimia. Nielezeni kila kitu. Nachuma karafuu.
Msomaji, Micheweni

JIBU: Umri unatosha (18 hadi 65) na kilo zinatosha, kiwango cha chini ni 50. Sababu ya kilo ni hesabu. Mwili una kama mililita 70 za damu kwa kila kilo, yaani wewe una lita tatu na nusu na ushei. Mfuko huchukua mililita 450. Kwa mtu wa kilo 40 hiyo ingekuwa karibu sehemu ya sita ya damu yake yote, na huyo ataanguka.

Lala usiku. Kula chakula cha kweli saa mbili au tatu kabla, si mandazi mawili na kahawa. Nusu saa kabla kunywa maji bilauri mbili, kama nusu lita. Hilo peke yake hupunguza kizunguzungu. Vaa shati la mikono mipana.

Utaulizwa maswali mengi: dawa unazotumia, maradhi, safari, homa, mambo ya chumbani. Yajibu kweli, kwani vipimo vina upofu wake, tutaueleza mbele. Utapimwa uzito, presha na HB. Kisha unalala, mkono unafungwa, ngozi ya kiwiko inasuguliwa kwa dawa na kuachwa ikauke. Ikikaushwa kwa kupulizwa, vijidudu vimerudishwa. Una haki ya kusema isuguliwe tena. Sindano ni nene kuliko ya chanjo, kwa sababu nyembamba huvunja chembe. Uchungu wake ni wa kuingia tu. Fumba na kufumbua kiganja polepole. Mfuko una dawa ya kuzuia damu isigande, mililita 63, iliyopimwa kwa ajili ya mililita 450; ndiyo maana mfuko uliojaa nusu kwa kawaida haufai, uwiano umeharibika. Kwa kawaida ni dakika 5 hadi 10. Ikizidi 15 damu huanza kuganda ndani ya mpira, na chembe sahani zake, zile za kusaidia damu kuganda, hazitumiki tena.

Ukihisi midomo inakufa ganzi, jasho baridi, masikio yanavuma, sema. Usivumilie kiume. Kichwa kitalazwa, miguu itainuliwa, utaambiwa ukaze misuli ya mapaja na kuiachia. Wengi wanaozimia hawazimii kitandani; huzimia dakika chache baadaye, wameruka wima wakawahi daladala. Baada ya sindano kutoka, bonyeza pamba dakika 5 mkono ukiwa umenyooka. Kuukunja kiwiko, kama wanavyofanya wengi, kunafungua tundu upya na ndiko kunakoleta vilio vyeusi vya damu. Vikitokea, baridi siku ya kwanza, kisha kitambaa cha moto, vitaisha wiki moja au mbili. Kaa dakika 15, kunywa kilichowekwa.

Na sasa mkarafuu. Siku hiyo usipande, na kesho yake pia tungekushauri uchambue chini pamoja na kina mama. Maji ya damu hurudi ndani ya siku moja au mbili, kabla ya hapo presha inaweza kushuka ghafla ukiwa juu ya tawi. Hivyo hivyo kwa anayezamia pweza au anayeongoza ngalawa peke yake. Kwa mkono uliochomwa usibebe pishi wala ndoo mpaka kesho.

SWALI: Nimerudishwa mara mbili, wanasema damu haitoshi, "tone limeelea". Nakula bitiruti na kunywa juisi ya choya kila siku. Nakosea wapi?
Mwalimu, Chwaka

JIBU: Wekundu wa bitiruti ni rangi tu. Si kibaya, lakini madini ya chuma ndani yake ni machache, na choya tunainywa kwa utamu wake.

Kwanza tone. Damu ya kidole hudondoshwa kwenye maji ya bluu ya salfeti ya shaba yaliyopimwa uzito. Ikiwa HB ni 12.5 au zaidi, tone huzama ndani ya sekunde 15. Ikielea, unarudishwa. Ni kipimo rahisi na kizuri, lakini kina hila zake: kidole kikikamuliwa kwa nguvu, maji ya mwilini huchanganyika na damu na tone huwa jepesi, tone lenye kipovu cha hewa huelea hata kama ni la bingwa wa ngalawa, na maji hayo yakitumika kwa watu zaidi ya 25 kwa kikombe cha mililita 30, hayaaminiki tena. Mara ya tatu omba upimwe kwa mashine. Ikithibitika ni chini, nenda kwa daktari, maana mwanamke anayetokwa na hedhi nzito, au mtu mwenye minyoo, hawezi kushindana na tatizo hilo kwa chakula.

Chakula chenyewe: maini, nyama, dagaa, pweza, chaza na kombe vina chuma kinachoingia mwilini kwa wepesi. Choroko, kunde, mchicha, matembele na kisamvu vinacho pia, lakini huingia kwa shida mpaka visindikizwe na kitu chachu: ndimu, pera, chungwa la Pemba. Mharibifu mkubwa wa sahani zetu ni chai ya rangi inayofuata chakula papo hapo. Hufunga chuma tumboni kisipite. Isogeze saa moja na nusu au mbili. Mabadiliko haya ni ya miezi, si ya wiki.

Na hata wanaokubaliwa wajue hesabu. Mfuko mmoja huondoka na miligramu 200 hadi 250 za chuma, na mwili hunyonya miligramu moja au mbili kwa siku. Ndiyo sababu mwanamume huambiwa angoje miezi mitatu na mwanamke minne. Anayejisifu baraza zima kuwa hutoa kila mwezi anadanganya kituo au anaongopea wenzake.

SWALI: Nilipigwa chuku mgongoni mwezi uliopita. Na rafiki yangu anataka kutoa damu ili ajue kama ana UKIMWI, bila kwenda kupima. Mnasemaje?
Msomaji, Chake Chake

JIBU: Chuku (hijama) na chale za mganga ni jambo moja kwa kituo cha damu: wembe umekata ngozi, na hakuna anayejua uliosafishwa vipi. Utaambiwa usubiri miezi kadhaa, mara nyingi sita hadi 12. Hata kama wembe ulifunguliwa mpya mbele yako, sema, aamue anayehoji. Kutoga masikio na tatuu huhesabiwa hivyo hivyo.

Rafiki yako asifanye hivyo. Huu ndio upofu wa vipimo tulioutaja: mtu akiambukizwa leo, zinapita siku mpaka wiki kadhaa kabla ya kipimo kumgundua, na katika muda huo damu yake inaambukiza. Mfuko wake mmoja ukitenganishwa unaweza kwenda kwa wagonjwa watatu. Kupima ni bure na siri kwenye vituo vya ushauri nasaha, aende huko. Akiwa ameshatoa kisha roho ikamsuta, arudi kituoni au apige simu aseme mfuko wake usitumike. Hawatamuuliza sababu mbele za watu.

SWALI: Ramadhani naweza kutoa? Na mbebaji wa selimundu anaruhusiwa?
Msomaji, Mwembeladu

JIBU: La pili kwanza: mwenye ugonjwa wenyewe hapana, mbebaji ndiyo, HB yake ikitosha. Aseme tu, kwa sababu mfuko wake hauchaguliwi kwa watoto wachanga wala kwa mgonjwa wa selimundu.

Kuhusu funga, wanavyuoni huilinganisha na chuku, ambayo kwa madhehebu ya Shafi haifunguzi ingawa ni makuruhu kwa kuwa hudhoofisha. Fatwa yake muulize sheikh wako. Kitabibu hatumshauri mtu aliyeshinda na kiu kutoa saa tisa alasiri. Futuru, kunywa maji ya kutosha, swali tarawehe, ndipo utoe.

Lakini bora zaidi ni Shaabani. Damu kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 6 hudumu siku 35. Atakayetoa wiki ya mwisho ya Shaabani, mfuko wake unaipita Ramadhani karibu yote, katika mwezi ambao wachangiaji hupungua na wanaojifungua hawapungui. Chembe sahani hazina subira hiyo. Ni siku 5 tu, kwenye joto la chumba chenye ubaridi, huku zikitikiswa bila kusimama.

SWALI: Nina hina na piko mikono yote, harusi ya dada. Itanizuia kutoa?
Msomaji, Malindi

JIBU: Hina haizuii. Piko iliyochanganywa dawa ya nywele ikikutoa malengelenge, subiri ngozi ipone, kwani sindano haipiti kwenye kidonda. Michoro ikipanda mpaka kiwikoni mshipa hauonekani vizuri, toa mkono mwengine. Kama yote miwili imechorwa mpaka begani, njoo baada ya wiki mbili.